Chokaa Isiyo na Mwenyewe

Kama una binti, na binti huyo ameambiwa akatolewe vinyama vya titi kwa mashine ya kunyonya, soma haya kabla hajalala mezani. Sisemi mashine ni mbaya. Mashine ilifanya kazi yake. Nasema kuna chupa, na habari ya hiyo chupa ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Kitinda mimba wangu nyumbani tunamwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hajanyamaza. Ana watoto wawili sasa, na bado akikupigia simu unaweza kuiweka mezani, ukaosha vyombo, ukarudi, ukamkuta katikati ya habari. Huyo ndiye aliyeonekana na chokaa.

Hakuwa na uvimbe. Hakuwa na maumivu. Kazini kwao lilikuja gari la kupima matiti, wanawake wakapanda, naye akapanda kwa sababu kwenye foleni kulikuwa na mazungumzo matamu. Baadaye akaitwa hospitali. Kwenye picha ya titi lake la kushoto kulikuwa na chembe nyeupe, zimejikusanya mahali pamoja kama watu waliosikia ugomvi. Daktari akatueleza kwamba ni chokaa, imejitengeneza yenyewe ndani ya titi. Wanawake wengi wanayo na wanazeeka nayo. Lakini ikijikusanya namna ile inaweza kuwa dalili tu, kama majivu yanavyokuambia palikuwa na moto. Chokaa yenyewe haiui mtu. Ila lazima itolewe pamoja na nyama iliyoishika, na nyama hiyo ipelekwe maabara ikaangaliwe ina nini.

"Nikibonyeza nitazisikia hizo chembe?" Chiriku akauliza.

"Huwezi. Hata mimi siwezi. Ni ndogo kuliko chumvi ya kusaga."

"Basi mimi na wewe tuko sawa, daktari. Nipe na mimi koti jeupe."

Daktari akacheka. Mimi sikucheka. Mama yangu mzazi alikufa na titi lililooza, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vitambaa na kuvichoma nyuma ya nyumba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu: je, kile kilichomla mama yangu kimeniruka mimi na kwenda kukaa kwa mwanangu? Mengine yote yalikuwa maneno.

Siku yenyewe tulipofika, Chiriku aliingia kwenye kijichumba cha kubadilishia nguo, mimi nikabaki koridoni kwenye benchi la chuma. Ilikuwa korido ndefu isiyo na dirisha, taa yake moja inawaka na kuzima. Kidogo mlango wa chumba cha mashine ukafunguka, nikamwona Chiriku anatoka, amevaa gauni la hospitali la kijani lililopauka, amejishika titi la kushoto, anatembea kama mtu anayevuka tope. Nikashangaa, mbona wamemaliza upesi hivi? Nikainuka nikamshika kiwiko.

"Pole mwanangu. Kaa hapa, kaa."

Akakaa. Akanitazama, akasema kwa upole, "Asante mama. Lakini mimi si wako."

Nikamwangalia vizuri. Alikuwa mkubwa kidogo kwa Chiriku, amevaa kofia ya sufu aliyoivuta hadi kwenye nyusi, ingawa korido ilikuwa na joto. Lakini mabega yale, mwanya ule wa meno, hata namna ya kuinamisha kichwa upande mmoja, vyote vilikuwa vya mwanangu. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kiwiko chake na sikujua niutoeje.

Hapo Chiriku akatoka kwenye kijichumba, gauni lile lile la kijani. Akasimama. Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mwanangu alikosa la kusema. Halafu akalipata.

"Mama, hivi baba zamani alikuwa anasafiri sana?"

Yule mwanamke akacheka, akajikunja. "Usinichekeshe, dada. Wamenikamua kama chungwa."

Wakakaa pamoja, mimi pembeni. Chiriku alimhoji kama kawaida yake na kabla sijameza mate walikuwa wameshapeana namba za simu. Naye alikuwa na chokaa, titi lile lile la kushoto. Alikuja peke yake. Watu wake, alisema, wako mbali. "Usiogope," akamwambia Chiriku. "Ukitolewa vinyama wanavipiga picha palepale ili wahakikishe chokaa imo. Mimi wamenionyesha kwenye skrini. Nimeziona kwa macho yangu, zinang'aa kama nyota. Daktari kaniambia kazi imekwenda vizuri." Alisema atapumzika kidogo kizunguzungu kiishe, kisha aende zake.

Chiriku akaitwa. Aliomba niingie naye, na dada wa picha, ndiye anayeendesha ile mashine, akakubali kwa sharti kwamba kila picha inapopigwa nitakimbilia nyuma ya kioo kizito pamoja nao.

Chumba kilikuwa baridi. Katikati kuna meza ndefu iliyoinuliwa juu, ina tundu. Mgonjwa analala kifudifudi, titi linaning'inia tunduni, na daktari na dada wa picha wanakaa chini kwenye stuli wanafanya kazi kwa kutazama juu, kama mafundi wanaotengeneza gari.

"Mkimaliza mnibadilishie na oili," Chiriku akasema, uso umegeukia ukutani.

Mimi nilikuwa naangalia kitoroli kilichokuwa karibu na mguu wa meza. Juu yake kulikuwa na chupa kubwa ya plastiki inayoonekana ndani, yenye mfuniko, na mipira miwili imechomekwa kwenye mfuniko. Mpira mmoja unakwenda kwenye mashine, mwingine kwenye sindano. Na chini ya chupa kulikuwa na maji mekundu, kina cha kidole.

Kuuliza si ujinga. Nikauliza. "Dada yangu, mbona chupa ina damu na mwanangu hajaguswa?"

"Hiyo haimfikii, mama," akasema. "Inanyonya tu, hairudishi. Sindano mpya, mipira mipya. Angalia." Akanionyesha vifuko alivyokwisha kuvichana. Alikuwa anasema kweli.

Wakampiga ganzi. Kisha picha za kulenga. Kila mara dada wa picha alisema, "Chiriku, usitikisike, pumua juu juu," kwa maana jina hilo alishalidaka, nasi watatu tukakimbilia nyuma ya kioo. Hilo ndilo lililonikereketa moyo. Watu wote wanaukimbia mwanga ule, isipokuwa mwanangu, amelala kifudifudi na miguu imetokeza kwenye gauni la mtu mwingine.

Tulikuwa wote nyuma ya kioo Chiriku aliposema, "Mama, acha kunishika mguu."

Daktari alimtazama dada wa picha. Dada wa picha alinitazama mimi.

"Niko huku mwanangu," nikasema.

"Basi ameacha," akasema.

Daktari aliniambia ganzi huleta hisia za ajabu. Nikamuuliza kama ganzi ya titi hufika hadi mguuni. Alirudi kwenye stuli yake.

Mashine ikaanza kunyonya. Ni mlio wa mtu anayemalizia soda kwa mrija, unakatika, unaanza tena. Kila ulipokatika kilitoka kinyama kimoja, chembamba kama mnyoo wa ardhini, chekundu huku na cheupe huku. Dada wa picha alikiosha kwa maji ya chumvi, akakilaza kwenye kisahani. Sindano ilizunguka kama mshale wa saa, ikichuma pande zote. Walipomaliza mzunguko, kisahani kikapelekwa kwenye kijimashine kidogo pembeni, kikapigwa picha.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Skrini ilikuwa na vivuli vya vinyama, kijivu, vimepangwa vizuri. Hakukuwa na nyota hata moja.

"Ongeza," daktari akasema.

Wakazunguka tena. Kisahani cha pili. Kivuli kitupu. Daktari akaagiza picha ya titi lenyewe, tukakimbia nyuma ya kioo, picha ikatoka. Palepale palipokuwa na lile kundi la chembe, palikuwa na shimo jeusi.

"Kwenye titi hazimo," dada wa picha akasema polepole.

"Na kwenye vinyama?"

"Hazimo."

Nilijaribu kuelewa jambo hilo na mpaka leo nalijaribu. Kitu kilikuwamo ndani ya mwanangu. Hakimo tena. Na hakikutoka.

"Mmepoteza nini huko chini?" Chiriku akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hatujapoteza, dada yangu. Tunatafuta," daktari akasema.

"Mtu anayetafuta si amepoteza?"

Wakaanza kutafuta. Walipiga picha shashi, vile vitambaa vyepesi walivyofutia damu, kimoja kimoja. Walipiga picha kijishimo cha sindano mahali vinyama vinapopita. Wakapiga picha glavu. Wakakata mpira vipande, wakavilaza kama vidole kwenye kisahani, wakavipiga picha. Kila mara skrini ikaja nyeusi. Mimi nilianza kuona chembe kila mahali: kwenye sakafu, kwenye nywele za dada wa picha, kwenye viganja vyangu. Nikafuta mikono kwenye nguo na bado niliziona.

Daktari akasema, "Chupa."

Alinieleza baadaye kwamba hilo hutokea. Kinyama kikiwa laini, chembe huchomoka pamoja na vijidonge vya damu, zikanyonywa moja kwa moja, zikapita mahali pa kuchukulia vinyama, zikaanguka kwenye chupa pamoja na maji. Hapo ndipo pa kuzifuata, usizimwage. Ukichuja yale maji utazipata, na nyama iliyozishika utaipata.

Wakayachuja kama ninavyochuja chai, kwa kitambaa cha hospitali. Vikabaki vijidonge vyeusi vyekundu. Wakakikunjua kitambaa, wakakipiga picha.

Skrini ikajaa nyota.

Dada wa picha alitoa pumzi, akatabasamu. Lakini daktari hakutabasamu. Aliisogelea skrini hadi pua yake ikakaribia kuigusa. Akafungua picha ya kwanza ya Chiriku, akaiweka kando ya ile, akatazama hii, akatazama ile.

"Ni nyingi mno," akasema.

"Si ndiyo vizuri?" nikauliza.

"Mama, ni nyingi kuliko alizokuwa nazo."

Hapo akageuka kwa dada wa picha. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Chupa ulibadilisha baada ya yule wa kwanza?"

"Nilibadilisha sindano. Nilibadilisha mipira."

"Nimeuliza chupa."

"Niliiweka mpya asubuhi, haikuwa imejaa," akasema. "Tunaibadilisha ikijaa."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Haukuwa uvivu wala ubaya. Maji machafu ni maji machafu, nani anayeyahesabia wenyewe? Mpaka siku kitu cha maana kinapoangukia humo.

Daktari alituonyesha zile chembe. Zilikuwa za aina mbili. Kuna za mviringo, laini, kama punje za mtama. Na kuna nyingine zilizochongoka, zimevunjikavunjika, mithili ya sindano iliyokanyagwa. Za mviringo mara nyingi hazina neno. Zilizovunjika ndizo wanazoziogopa, na zilizovunjika zilikuwa zimekaa pamoja ndani ya donge moja la damu.

"Hizo za donge ni za nani?" nikamuuliza.

Akarudi kwenye picha za wote wawili, ya Chiriku na ya yule wa kofia. Akazikuza. "Picha hizi zinanionyesha umati," akasema. "Hazinionyeshi nyuso. Siwezi kukwambia."

Akatuma mtu aangalie kama yule mwanamke ameshaondoka. Alikuwa bado yuko pale benchini. Akaja akasimama mlangoni, kofia yake kwenye nyusi, gauni la kijani. Chiriku alikuwa ameinuka ameketi kwenye ukingo wa meza, amekandamiza shashi kwenye titi, gauni la kijani. Nikawaangalia wawili hao na nikasema moyoni, Mungu wangu, mimi ndiye niliyemzaa mmoja wao.

Daktari akaeleza yote. Hakuficha. Yule wa kofia alisikiliza hadi mwisho.

"Zangu mlishazipata," akasema. "Niliziona."

"Tuliziona baadhi. Huenda nyingine zilipita."

"Niliziona," akarudia. Kisha akanigeukia mimi, si daktari wala Chiriku. "Mama, kila mmoja wetu akiomba ziwe za mwenzake, zitakwenda kwa nani?"

Nami nilikuwa nikiomba hivyo moyoni, sijafungua mdomo.

Daktari alimwomba arudi siku nyingine, apigwe picha upya, na ikibidi atolewe vinyama vingine, kwa sababu kidonda chake kilikuwa kimeshafungwa. Akasema, "Nitarudi." Akaenda kubadili nguo. Sikumwona tena.

Kwa Chiriku mambo yalikuwa mengine. Shimo lake lilikuwa bado wazi. Daktari akasema huenda kwenye kuta za shimo hilo kumebaki chembe moja moja ambazo picha ya kwanza haikuzikamata, na nyama ya kuta hizo itakuwa yake peke yake, haina shaka. Lakini ifanyike sasa, kabla damu haijajaa ikafunika kila kitu.

Chiriku alinishika mkono. "Mama, twende nyumbani. Nimechoka na watu hawa na chokaa yao."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi huyo alitaka kumfunika khanga amtoe pale mbio. Nikamwambia, "Tukienda, tunakwenda na nini? Na swali? Utalala nalo kila siku kitanda kimoja na mumeo, litamsukuma mpaka aanguke."

Akacheka kidogo, machozi yakamtoka. "Anakoroma, acha aanguke." Akajilaza tena kifudifudi.

Nikawaambia sitarudi nyuma ya kioo mpaka niione chupa. Dada wa picha alileta mpya ikiwa ndani ya mfuko wake, akauchana mbele ya macho yangu. Akaiinua kwenye taa, akaigeuza juu chini ili nione ni tupu. "Samahani, mama," akasema. Nikamwambia afanye kazi.

Mlio ukaanza. Vinyama vichache tu, kutoka ukutani mwa shimo. Vikaoshwa, vikalazwa, vikapigwa picha. Kwenye kivuli cha kinyama kimoja, pembeni, palikuwa na punje nyeupe tatu au nne. Za mviringo.

"Zipo," daktari akasema, na safari hii alikaa chini.

Majibu tuliyangoja kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Yalipokuja, nyama ya Chiriku ilikuwa nzima. Chokaa yake ilikuwa chokaa tu, ya kuzeeka nayo. Lakini lile donge la kwenye chupa lilikuwa na ugonjwa. Mwanzo wake, daktari alisema, bado umo kwenye vijifereji vya maziwa, haujatoka kwenda popote, na ukikatwa mapema mtu anapona kabisa. Kwa kuwa hakutaka kutuacha na mashaka, walichukua damu ya Chiriku wakailinganisha na lile donge. Halikuwa lake.

Nilipiga magoti palepale ofisini. Daktari alinisubiri niinuke. Ndipo nikauona uso wake, nikakumbuka kwamba katika chupa ile walikuwa wawili.

Alikwisha kumpigia simu yule wa kofia. Majibu ya vinyama vyake yalikuwa yametoka safi, na akaambiwa hivyo kabla ya majibu ya donge kufika. Alipopigiwa tena kuelezwa habari ya donge, alisema maneno mafupi: hizo si zangu, zangu niliziona. Kisha akawa hapokei namba ya hospitali. Walimtuma mtu kwenye nyumba aliyosema anaishi. Mlango ulikuwa umefungwa, na redio ilisikika ndani.

Sasa ndugu yangu unayesoma, uliza. Pale hospitali siku hizi chupa hubadilishwa kwa kila mwanamke, lakini sijui kwenu. Kabla binti yako hajalala, iangalie. Ikiwa na kitu ndani, hata tone, mwinue. Na wakishamtoa vinyama, usitoke mpaka wakuonyeshe chokaa kwenye picha. Wasipoiona, waambie wasimwage maji. Watakuona msumbufu. Bora kuitwa msumbufu.

Lakini si hilo tu lililonifanya niandike.

Chiriku alikuwa na namba ya yule wa kofia, mnakumbuka walipeana benchini. Ilikuwa Jumapili mchana, watoto wanacheza uani, tumekaa jikoni. Akapiga, na kwa kuwa haikuwa namba ya hospitali, ikapokewa. Chiriku akaiweka mezani kwa sauti kubwa.

"Dada wa chungwa," akasema. "Hujambo?"

"Sijambo. Umepona?"

"Nimepona. Wameniambia ni chokaa tu."

"Nilijua," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. "Mama yako yupo hapo?"

Nikasogea. "Nipo mwanangu. Sikiliza. Lile donge wamelilinganisha na damu ya huyu, si lake. Ni lako. Lakini ni dogo, linatibika, ila usikawie. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Msihangaike. Zinatoka zenyewe."

Tukatazamana. "Nini kinachotoka?"

"Chokaa. Kila asubuhi nafagia chini ya kitanda, nazikuta. Nyeupe, ndogo ndogo. Mwanzoni nilidhani ni vumbi la dari, nikahamisha kitanda. Zikanifuata. Basi nikaelewa, ni njia waliyoifungua pale, zinapitia hapo. Nazikusanya kwenye kitambaa. Zilikuwa nyingi, sasa zinapungua. Leo nimepata mbili."

Chiriku alikuwa amejiziba mdomo.

"Hazitoki hivyo," nikamwambia. "Daktari mwenyewe hawezi kuzishika kwa mkono. Huwezi kuzifagia."

"Nyingine zimevunjika," akasema, kama hakunisikia. "Hizo zinachoma vidole. Lakini zimebaki chache, mama. Zikiisha nitawapigia."

"Tuambie unapokaa. Tutakuja sasa hivi."

Nikasikia ufagio ukipita sakafuni, taratibu, kama mtu anayefagia chumba chenye mtoto aliyelala. Halafu simu ikakatika. Tangu siku hiyo inaita, haipokewi.

Hospitali ilituelekeza, tukaenda kwenye ile nyumba mimi na Chiriku. Jirani alituambia kahama na kitanda chake tu, vitu vingine kaviacha. Mlango ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imefagiwa hadi inang'aa, nami nilipiga magoti nikaipapasa yote kwa kiganja, pembe kwa pembe. Hapakuwa na chembe hata moja.

Kwa hiyo kama unamjua mwanamke wa makamo, ana mwanya, kofia ya sufu hata kwenye joto, amehamia karibuni na anafagia sana, msomee haya. Na wewe mwenyewe ukiyasoma: unazozipata chini ya kitanda sizijui ni nini, na sitabishana nawe. Lakini ile iliyovunjika bado imo, mwanangu. Daktari amesema bado kuna muda, na hakusema ni mwingi. Ulikuja peke yako mara ya kwanza. Mara hii niite, nitakuja nikae kichwani pako, na wakituambia tukimbilie nyuma ya kioo, mimi sitakwenda.